Tupeane uzoefu: siku moja, asubuhi ndege wa Mida, mchana bichi Watamu

Baba Kibokoni
Wakuu salaam aleikum, na wasio salaam habari zenu. Kuna hizi tripu za siku moja zinatangazwa sana saa hizi, mnabebwa na gari asubuhi mnapelekwa Mida Creek, ule mkono wa bahari karibu na Watamu, kuangalia ndege na mwongozaji, mnapita kwenye lile daraja la mbao katikati ya mikoko mpaka kile kibanda cha kuchungulia, halafu mchana mnashushwa bichi Watamu mpaka jioni mnarudishwa. Nataka kupeleka familia likizo ya Desemba, niko na mama mzazi, mke na watoto. Swali langu je siku moja inatosha vitu vyote viwili ama ni mbio mbio tu mnaishia kukaa kwa gari? Walioenda mwageni hapa, na mabaya pia semeni, ila majina ya makampuni tuyaache tusije tukagombana na watu.

MamaSwaleh
Kaka mimi nitakwambia yangu. Tulienda kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu, kampuni siitaji, ratiba yao ni moja mwaka mzima, saa nne asubuhi ndege, saa tisa bichi, ukiwauliza wanakwambia ndo programu ilivyo. Sasa siku hiyo ilikuwa bamvua, zile siku maji yanakupwa na kujaa sana. Tumefika Mida maji yamekupwa mpaka huko mbali kabisa, mbele yetu ni tope tupu, jua limeshakuwa kali, na kwa mbali unaona vitu vinatembea kwenye mng'ao, mwongozaji anasema wale ndo ndege. Mimi na macho yangu haya sikuona ndege, niliona nukta. Darubini moja, watu kumi na kitu, ikifika zamu yako ndege kashaondoka.

Halafu kumbe balaa liko mbele. Tumeshuka bichi hiyo saa tisa, maji yanajaa yanakuja juu, kufika saa kumi mchanga umebaki kipande, watoto hawana pa kuchezea, tumejibanza na mikoba yetu kama tunasubiri feri Likoni. Lile fungu la mchanga tuliloonyeshwa kwenye picha liko chini ya maji. Nikamuuliza dereva mbona hivi, akacheka akasema mama leo mngeanza bichi. Yaani dereva anajua, ofisi haijui!

Lakini sitasema siku yote ilikuwa mbaya. Pale chini ya daraja maji yakiwa yametoka kuna kaa wadogo wadogo wengi, dume ana gando moja kubwa kuliko mwili wake wote na lingine dogo kabisa, anasimama mlangoni kwa shimo lake anapunga lile kubwa juu chini juu chini. Ukikanyaga ubao kwa nguvu wote wanazama mara moja, ukitulia kidogo wanatoka mmoja mmoja, wa kwanza anachungulia jicho tu. Wenzangu walikuwa wanaita twende twende, mimi nimeinama pale.

Mkaa Dabaso
Mama Swaleh pole sana, na huyo dereva mpeni ofisi. Mimi kazi yangu ndo hii ya kuongoza wageni Mida kwa hivo niseme kidogo, na sio kuwaponda wenzangu.

Jamani ndege wa Mida hawafuati saa ya ukutani wanafuata maji. Maji yakiwa yamekupwa kabisa wanatawanyika tope lote wanakula, na lile tope ni pana, huwapati karibu hata uwe na teleskopu nzuri. Maji yakijaa kabisa hakuna pa kusimama, wanaenda kulala kwenye visiwa vya mikoko. Wakati wake ni katikati hapo, maji yanapoingia, yanawasukuma kidogo kidogo kuja upande wa kibandani mpaka unawaona miguu, ama yanapotoka, tope la kwanza likianza kuonekana wanashuka kugombania.

Na hesabu yake kila mtu wa pwani anaijua, sijui kwa nini kwenye biashara tunaisahau. Bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji hukupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi na hujaa kwenye saa kumi jioni. Maji mafu, yaani siku ya saba nane hivi na ya ishirini na mbili tatu tangu mwezi uandame, kinyume chake, asubuhi ya saa nne yamejaa na jioni yanakupwa. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Kwa hivo siku ya bamvua unaanza bichi mapema watu wacheze kwenye fungu la mchanga, unapumzika mchana, ndege unawafuata kuanzia saa nane hivi maji yakipanda. Siku ya maji mafu unageuza. Na jueni maji ndani ya mkono wa Mida yanachelewa kidogo kuliko nje baharini, mlango ni mwembamba, ukisoma jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, usikimbilie.

Wageni wengi wanamtaka yule mla kaa, mweupe ana mgongo mweusi, mdomo mweusi mnene ambao haulingani na ndege wa size yake. Anakimbia hatua chache anasimama ghafla anaangalia, anakimbia tena. Akipata kaa mdogo anammeza mzima, akipata mkubwa anampiga piga mpaka magando yaachane na mwili ndo ale. Huyu hazaliwi kwetu, kwao ni pande za Bahari ya Sham na Ghuba ya Uarabuni, anataga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani, joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Kwetu anakuja kula tu, kuanzia kama Oktoba mpaka Aprili ndo wanakuwa wengi. Kuna na wadogo wanaotoka Siberia kabisa kule kwenye barafu. Na hiyo Desemba yako Baba Kibokoni ukikaa mpaka jua linazama angalia juu, keremkerem wekundu wanarudi makundi makundi kulala mikokoni.

Jamaa wa Umoja 2
Mimi wa Nairobi mnisamehe Kiswahili 😅. Nilienda Agosti na mabeste, si ndo likizo, tukatoka Mombasa asubuhi mapema na van. Manze mwongozaji alikuwa poa sana alafu mkweli, kabla hata hatujalipa daraja akatuambia vijana mwezi huu wengi wameenda kuzaa, mtaona wachache. Wale wadogo wa mwaka jana ndo hubaki hawajafikisha umri wa kusafiri. Sisi tukasema twende tu. Tukaona yangeyange, mdiria mmoja, na wale wa kutembea tope kidogo. Flamingo hakuna na mmoja wetu alikuwa amebeba kamera ya kuazima ju ya flamingo 😂

Bichi sasa. Ni kusi, upepo unapiga, na mwani umejaa ufukweni vile hujawahi ona, mlima wa majani ya kahawia na harufu yake. Kuogelea tuliogelea lakini unapita kwa mwani kwanza. Hakuna mtu alitutajia hiyo, picha zote za tangazo ni za Januari naona. Kwa hivyo kwangu mimi swali sio siku moja inatosha, ni mwezi gani. Though ile samosa ya kaa pale Dabaso juu ya maji ningerudi hata na kusi.

Mgosi wa Tanga
Habari zenu majirani. Sie tulivuka mpaka Horohoro tukalala Malindi, tukachukua mwongozaji wa kwetu wenyewe, hatukujiunga na basi la watu. Ninawashauri mfanye hivyo kama mpo watano sita, gharama mkigawana haipishani sana na kiti cha kwenye tripu na mnapata mtu wa kuwasikiliza nyie. Tulimwambia mapema sisi mama yetu anapenda ndege kuliko bahari, basi akapanga hivi: alfajiri msitu wa Arabuko Sokoke, Mida tukapitia maji yakiwa yanatoka, halafu bichi kuanzia saa nane.

Ule msitu wakuu, kilomita za mraba kama 420, ukiwa barabarani unaona ni vichaka tu. Kuna bundi wao mmoja mdogo mno, urefu ni kama sentimita 17 tu, na ulimwenguni kote anapatikana sehemu chache sana, huo msitu ndiyo ngome yake. Mwongozaji wetu alikuwa ameshaingia kabla yetu kumtafuta amelala wapi. Akatuingiza kwa mstari kimya kimya, hakuna kuongea, hakuna kuvunja kijiti, akasimama akanyoosha mkono, na mimi bado sioni, naona majani makavu. Mpaka jani moja likafumbua jicho la njano likafumba tena. Mama alinishika mkono akaniminya mpaka ikauma.

Kingine kilichonifurahisha, yule bwana alikuwa anataja ndege kwa Kiswahili, na kwa Kigiriama pia, huyu furukombe, huyu yangeyange, huyu kule kwetu wazee wanasema akilia hivi mvua ipo. Nimeshatembezwa mbuga nyingine mtu ana kitabu cha Kizungu anakusomea majina mnatoka kama mlivyoingia.

mchovu_asilia
Ndege hata hapa nyumbani wapo, kunguru wananiamsha kila siku bure. Nipelekeni bichi moja kwa moja.

MamaSwaleh
@mchovu_asilia wewe baki na kunguru wako 😂

Nuru wa Mtwapa
Baba Kibokoni umesema mama mzazi yupo na hakuna mtu amekujibu hilo. Lile daraja la Mida limening'inizwa kwa kamba, linayumba ukitembea, na nyuma yako watu wakikimbia linayumba zaidi. Bibi yangu alifika katikati akashikilia kamba akasema mimi mwisho wangu hapa, na mgongo hauna shida anatembea vizuri tu, ni uwoga. Muulize mapema kama yuko tayari. Hakuna ubaya akikaa mwanzoni kwenye kivuli, hapo hapo mikokoni wanapita ndege pia, ama mtafute mtumbwi mkiwa na maji ya kutosha, anakaa tu anapelekwa na kwa maoni yangu mtumbwini ndege hawashtuki kama mkiwa kundi la miguu. Lakini mtumbwi na mtu mzima wa miaka mingi aulizwe jaketi la kuokolea, mimi nilipouliza nilionekana kituko, nikang'ang'ana mpaka likaletwa.

Watoto wabebee viatu vya kuingia navyo majini. Watamu kwenye mawe kuna wale wadudu wa baharini wa miiba myeusi inayochoma na maji yakikupwa watoto wote wanataka kutembea mpaka kwenye vile vijiwe vikubwa vya matumbawe. Malapa yanabaki kwenye mchanga laini. Na kama mnataka boti ya kuangalia samaki, hiyo ni hifadhi ya bahari tangu 1968 na kuna ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, inalipwa kwa mtandao wa serikali eCitizen, hela taslimu hawapokei, sasa usifike pale ndo unaanza kutafuta pasiwedi. Kuna vijana bichi watakwambia nipe mimi nitalipa. Lipa mwenyewe.

Ile ya daraja ni tofauti, inalipwa pale pale, na mimi hiyo siombi kupunguziwa kwa sababu inaenda kwenye basari za sekondari za watoto wa pale pembeni ya mikoko na msitu. Mpwa wa jirani yangu amesoma nayo.

Baba Kibokoni
Aisee nimeshiba. Nuru ahsante sana hilo la mama sikuwaza kabisa, nimempigia amesema daraja la kamba nipande na mke wangu, yeye anataka mtumbwi na jaketi 😂. Sasa Mkaa Dabaso shekhe wangu nisaidie, nimeangalia siku ninayopata ruhusa kazini hiyo Desemba itaangukia siku ya nane tangu mwezi uandame. Nikielewa vizuri hayo ni maji mafu?

Mkaa Dabaso
Ni maji mafu ndugu yangu, na hapo utacheka maana ile ratiba ya kampuni ya akina Mama Swaleh siku yako inakaribia kukaa sawa, ila wewe wahi. Uwe Mida saa moja, moja na nusu, maji yanapanda, jua bado, mama anapanda mtumbwi bila kukanyaga tope. Saa tatu ndege watakuwa wamebanwa karibu, saa nne mshamaliza. Kuleni, watoto walale kidogo garini, saa nane bichi maji yanatoka mchanga unaongezeka mpaka jioni.

Fungu la mchanga usiwaahidi watoto. Maji mafu hayakupwi sana, linaweza kutokea kidogo, linaweza lisitokee. Mtu akikwambia siku hiyo utatembea juu yake mpaka katikati ya bahari ujue hajaangalia mwezi.

Mama Zawadi Kisauni
Na darubini jamani? Anakuja nazo mwongozaji ama kila mtu yake?

Mkaa Dabaso
Muulizeni kabla. Wengi tuna moja ya shingoni na baadhi wana teleskopu ya kusimamisha, hiyo ya kusimamisha ndo nzuri kwa watoto, inashushwa kimo chake na haitikisiki. Ukiwa na watoto wawili itakuwa vita, azima nyingine hata mbovu.