Kamati ya chama cha wahandisi au kujitolea saiti: kipi kinamsogeza mhitimu?

Nondo_12
Wakuu, heshima yenu. Nilimaliza uhandisi ujenzi mwaka jana, na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hapa Tanzania) wameshanisajili kama mhandisi mhitimu. Kuna kampuni inataka nijitolee saiti siku 5 kwa wiki, nauli tu. Na kuna kaka mmoja wa IET, chama cha wahandisi, ananivuta niingie kamati ya kuandaa semina. Mfuko wangu hauwezi kote. Niende wapi?

Saruji_na_Maji
Saiti, dogo. Bodi inakudai uzoefu wa miaka isiyopungua 3 kabla hujaitwa mhandisi mtaalamu, na kupanga semina si uzoefu wa uhandisi. Ila uliza kwanza nani atasaini kazi zako. Mimi nilikaa miezi 8 chini ya fundi mchundo hodari kweli, lakini hakuwa mhandisi aliyesajiliwa. Kazi niliijua, kwenye fomu haikuandikika.

Mama_Theodolaiti
Nampinga Saruji kidogo. Mimi niliingia kamati sina kazi, nikapewa kuandika muhtasari wa vikao na kufuatilia watoa mada. Mwanzoni niliona ujinga mtupu: napanga viti, nahesabu chupa za maji. Lakini ukimpigia mkurugenzi simu mara nne kumkumbusha mada yake, bila kumkera, na taarifa zako zikamfikia siku uliyosema, jina lako analishika. Aliponiita ofisini kwake hakugusa vyeti. Aliuliza tu, "Si wewe yule wa muhtasari?" Kwenye usaili wa kawaida hilo ungelionyeshaje?

Saruji_na_Maji
Hapo umenipata, dada. Lakini ulikula nini miezi hiyo?

Mama_Theodolaiti
Kwa shangazi, Mbagala 😂
Nondo, SEAP ya ERB, ile ya mafunzo kazini kwa wahitimu, umeomba? Unapata msimamizi na mpango wa miaka 3. Nafasi haziwatoshi wote, omba tu.

Mto_Athi
Kwetu Kenya hesabu ni nyingine. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inataka uwe mwanachama wa IEK, chama chetu cha wahandisi, ndipo EBK, yaani bodi, ikusajili kuwa mhandisi mtaalamu. Basi kila mtu analipa ada, na ada haikutofautishi na yeyote. Anayekumbukwa ni aliyehangaika kutafuta basi la ziara ya bwawa. Ila chunga msimu wa uchaguzi wa chama. Ukionekana kwenye kambi iliyoshindwa, simu zako zitaanza kukosa wa kuzipokea.

Nondo_12
Mrejesho: nimeuliza, mhandisi mkazi pale amesajiliwa na amekubali kusaini. Naanza Jumatatu. Kamati nimewaambia Jumamosi tu. Wananiomba niwe mtunza hazina.

Mama_Theodolaiti
Hazina usiguse. Omba muhtasari.