Prado yavuta kushoto baada ya kuinuliwa

mtu_wa_likoni: Salaam aleikum jamaa. Prado yangu 120 nimeiinua inchi 2, springi na shokabu mpya kote, sasa nikiachia stelingi kidogo tu yakimbilia kushoto na fundi asema eti ni barabara. Kweli au nimeliwa?

dereva_changamwe: Waaleikum salaam. Barabara zetu zainama kushoto kweli maji yateremke, lakini si hivyo. Badilishana tairi za mbele, ya kulia iende kushoto kama si zile za kuzunguka upande mmoja tu, mvuto ukihama basi ni tairi. Usipohama gusa rimu ukitoka safari, taratibu usijiunguze, ya kushoto ikiwa moto kushinda mwenziwe breki imeng'ang'ania.

bi_gereji: Sawa kaka lakini mie naanza na alaimenti, yaani kupima na kupanga pembe za magurudumu, ulifanya baada ya kuinua? Ukiinua, kasta (ule mlalo wa mhimili wa stelingi ukitazama gurudumu kwa ubavu) yapungua, ikipungua zaidi upande mmoja gari yavutwa huko huko. Bolti za kuirekebisha ziko kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu na hapa pwani kutu yazishika, mafundi wavivu wanaziruka wananyoosha magurudumu tu wanakwambia tayari. Dai karatasi ya vipimo, linganisha kasta kulia na kushoto.

mtu_wa_likoni: Alaimenti sijafanya dada 😅 kesho asubuhi naipeleka