Naomba ushauri: baba mdogo anasema joto la mlimani ni mzunguko wa asili, nami natakiwa kumjibu kikaoni

Mrithi wa Kihamba (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Naombeni msaada wa wenye ujuzi, kwa kuwa jambo hili limeshatugawa ndani ya ukoo, na kikao cha familia ni Desemba hii, wakati sisi watu wa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tunaporudi nyumbani.

Marehemu baba alituachia kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye vipande viwili, kimoja juu karibu na msitu na kingine chini, kwenye mita kama 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mibuni ya chini imezeeka, na msimu uliopita kila debe tulilochuma lilikuwa na punje nyingi zilizotobolewa na wadudu. Mimi napendekeza tuing'oe tupande kitu kingine. Baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, hataki kusikia. Anasema dunia imekuwa ikipata joto na kupoa tangu kuumbwa kwake, kwamba mlima wenyewe ulizaliwa na moto, kwamba volkano ya Lengai bado inatoa moshi, na kwamba joto hili nalo litapita tukivumilia. Kisha akanifunga mdomo: "Hao mabingwa wenu walisema theluji ya Kibo itakuwa imekwisha ifikapo mwaka 2020. Toka nje uangalie." Nilitoka nje. Theluji ipo pale kileleni.

Maswali yangu ni mawili. Mtu anatofautishaje mabadiliko ya asili na yale yanayoletwa na binadamu? Na wanasayansi wanatabirije miaka 30 mbele ilhali mvua ya kesho kutwa inawashinda? Nahitaji maelezo ninayoweza kuyasema mbele ya wazee bila kuaibika.

Mpima Mvua Mstaafu

Mwanangu, anza kikao kwa kumpa baba yako mdogo haki yake, kwa sababu kuhusu zamani amesema kweli. Njia ya dunia kulizunguka jua hubadilika umbo, na mhimili wake hulala na kuinuka, katika mizunguko ya miaka takriban 100,000, 41,000 na 23,000. Kwa sababu hiyo Sahara ilikuwa na majani na maziwa hadi miaka kama 5,000 iliyopita. Ziwa Viktoria lenyewe nalo liliwahi kukauka, miaka kama 17,000 iliyopita. Hapakuwa na kiwanda hata kimoja.

Swali ni je, sababu hizo za zamani ndizo zinazofanya kazi leo? Hapo ndipo hoja yake inapokwama. Mizunguko hiyo huenda kwa maelfu ya miaka, haiwezi kuleta badiliko la karne moja. Jua linapimwa na setilaiti tangu mwaka 1978. Nguvu yake hupanda na kushuka kidogo kila baada ya miaka 11 hivi, lakini haijaonyesha mwelekeo wa kuongezeka, ilhali joto limeongezeka muda wote huo. Milima ya moto nayo, inapolipuka kwa kishindo, hupoza. Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka mwaka 1991 dunia ilipoa kwa karibu nusu ya nyuzi, kwa mwaka mmoja hivi. Hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayotoka katika volkano zote za dunia kwa mwaka, Lengai ikiwemo, haifiki asilimia 1 ya ile tunayoitoa sisi kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Upande wa binadamu hesabu ni hii: kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, 280 zilikuwa hewa ukaa. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima kila siku kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa 315. Leo zimepita 420. Na inajulikana kuwa imetoka wapi, kwa sababu kaboni iliyokaa ardhini kwa mamilioni ya miaka imekwisha kupoteza ile aina yake ya mionzi, inayoitwa kaboni 14, na kwa miongo mingi wapimaji wameiona aina hiyo ikizimuliwa hewani, kama maziwa yanavyozimuliwa kwa maji.

Sasa nikueleze jambo nililolifanya kwa mikono yangu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufungua kisanduku cheupe chenye mbao za mishazari, saa tatu kamili asubuhi, mvua inyeshe au jua liwake. Ndani yake hulazwa kipimajoto cha usiku. Kina spiriti badala ya zebaki, na ndani ya spiriti kuna kijiti cheusi chembamba kuliko sindano. Usiku unavyopoa, spiriti hunywea na kukivuta kijiti. Asubuhi spiriti hurudi juu lakini kijiti hubaki palepale, kikionyesha baridi ya alfajiri ilifika wapi wakati wewe umelala. Ukishasoma, unakiinamisha taratibu ili kijiti kirudi mwanzo.

Kijiti hicho kina habari nyingi kuliko theluji. Kama jua ndilo lingekuwa limeongeza nguvu, ungetarajia mchana ndio uongoze kwa kuongezeka joto. Gesijoto kama hewa ukaa, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia joto la ardhi lisitoke, hazipumziki usiku. Katika sehemu nyingi za dunia, tangu katikati ya karne iliyopita, joto la usiku limepanda haraka kuliko la mchana.

Mwanafunzi wa Barafu

Naomba niingie kwenye suala la theluji, kwa sababu mzee wa mleta mada ameshika kitu cha kweli na si vizuri kumpuuza.

Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kilomita za mraba kama 12 mwaka 1912; kufikia mwaka 2007 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson kutoka Marekani ilitoboa barafu hiyo na kukuta tabaka la chini lina umri wa miaka takriban 11,700. Miaka miwili baadaye waliandika kwamba kwa mwendo ule ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Haikutoweka, ingawa inaendelea kupungua.

Tatizo ni kwamba huo ulikuwa utabiri wa rula: unachukua vipimo vya miaka iliyopita, unavipigia mstari, halafu unaurefusha mstari hadi uguse sifuri. Mstari haujui kwa nini barafu inapungua. Tena barafu ya Kibo ni shahidi mgumu, kwani ilianza kusinyaa mwishoni mwa karne ya 19, kabla gesi zetu hazijawa nyingi. Wanasayansi Georg Kaser, Thomas Mölg na wenzao walionyesha kwamba kule juu, ambako hewa huwa chini ya nyuzi sifuri, sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka, na kilichokosekana zaidi ni theluji mpya. Theluji mpya ni nyeupe na hulirudisha jua. Barafu kuukuu yenye vumbi hulimeza. Kwa hiyo ndugu, kikaoni usiitumie Kibo kama kipimajoto. Atakushinda, na atakuwa na haki.

Dada wa Nyeri

Mwenzangu amesema vyema kuhusu rula. Utabiri wa aina ya pili huanzia kwenye sababu, na mfano wake ni kazi ya wanasayansi Syukuro Manabe na Richard Wetherald ya mwaka 1967. Walikokotoa kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu, joto la dunia lingepanda kwa nyuzi 2 na kitu, tena wakasema jambo la ajabu: kwamba tabaka la juu la angahewa, la stratosfia, lingepoa wakati huku chini kunapata joto. Baadaye maputo na setilaiti zikaonyesha hivyo hivyo. Jua lingekuwa ndilo chanzo, juu na chini kungepata joto pamoja. Manabe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Modeli za leo, yaani hesabu za kompyuta, zinaigawa angahewa na bahari katika miraba na kukokotoa jinsi joto, upepo na unyevu vinavyopita kutoka mraba mmoja hadi mwingine. Wanasayansi huzijaribu kwa kuzirudisha nyuma: wakiziwekea jua na volkano peke yake, haziwezi kulitoa joto lililoonekana tangu miaka ya 1950, wakiongeza gesi zetu, linatokea.

Kuhusu mvua ya kesho kutwa, wewe mwenyewe una jibu. Wiki moja kabla ya Krismasi hakuna awezaye kukuambia basi fulani litaingia Moshi saa ngapi, lakini kila mtu anajua kwamba mabasi yatajaa na nauli itasumbua, kwa kuwa sababu ya kujaa inajulikana.

Lakini modeli zina mapungufu, na kwetu Afrika Mashariki yanaonekana wazi. Mraba mmoja huweza kuwa na upana wa kilomita 100, kwa hiyo Kilimanjaro nzima humezwa ndani yake na kuwa mwinuko tu. Vilevile modeli nyingi husema mvua za Machi hadi Mei zitaongezeka, ilhali kuanzia miaka ya 1980 zilipungua kwa muda mrefu. Kwa hiyo upande wa joto ziamini. Upande wa masika usiweke rehani shamba.

Msema Kweli

Nauliza tu. Afrika nzima inachangia pungufu ya asilimia 4 ya gesi hizo, mama zetu wanapikia kuni tatu, halafu anayeambiwa ang'oe mibuni ni Mchaga?

Bwana Shamba wa Zamani

Msema Kweli, malalamiko yako ni ya haki, ila mbuni haujui gesi ilitoka nchi gani.

Mleta mada, nije kwenye shamba lenyewe. Kahawa ya arabika hupenda wastani wa nyuzi 18 hadi 22 hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulikuta kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka katika joto la usiku huambatana na upungufu wa kilo takriban 137 kwa hekta, nawe umesikia kutoka kwa mstaafu kwamba usiku ndio unaopanda. Mlimani joto hupungua kwa karibu nyuzi moja kila unapopanda mita 150, ndiyo maana mita 1,100 ni ukingo wa chini kabisa. Kupanda juu zaidi nako hakuwezekani, kwani juu yenu ni msitu wa hifadhi. Na huo msitu mkumbuke kuutaja, maana moto unaouunguza kule juu hupunguza maji ya ukungu, na hiyo ni sababu ya kibinadamu isiyohitaji kiwanda cha Ulaya.

Msing'oe yote kwa hasira. Kipande cha juu pandeni miche ya aina mpya inayostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, mkiiulizia Lyamungo, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa. Kipande cha chini ongezeni miti ya kivuli na matandazo, ng'oeni theluthi moja iliyochoka kabisa, na hapo wekeni migomba. Mbuni unaopandwa leo utakuwa shambani miaka 30, na kwa miaka 20 ijayo hata makadirio ya dunia inayopunguza gesi na ya ile isiyopunguza hayajaachana sana; njia hizo huachana baadaye, zikifika nyuzi 1.4 hadi 4.4 juu ya enzi za kabla ya viwanda mwishoni mwa karne. Uvumilivu anaouomba baba mdogo hauna joto la kungojea lipite.

Mrithi wa Kihamba (mleta mada)

Nawashukuru nyote, hasa kwa kunizuia nisiende na picha za Kibo. Theluthi moja naona baba mdogo anaweza kuikubali, kwa sababu migomba haijawahi kumkera mtu kwetu. Mzee mstaafu, nikinunua vipimajoto viwili vya usiku, kimoja juu na kimoja chini, naweza kumwomba yeye mwenyewe awe anavisoma? Huamka kabla ya majogoo.

Mpima Mvua Mstaafu

Mpe kazi hiyo, tena mpe na daftari. Viwekwe urefu wa kifua, kivulini, penye kupitisha upepo, na visitundikwe chini ya mabati wala karibu na jiko. Na umwonyeshe jinsi ya kukiinamisha, maana wengi husahau kukirudisha kijiti, wakaandika baridi ya jana wiki nzima.