Kasi ya maji na utando wa bakteria bombani: jaribio nilipangeje?

Kipoozeo: Wadau, hamjambo. Nataka kupima jinsi kasi ya maji inavyobadili utando wa bakteria kwenye mabomba ya kupoozea mitambo. Nina mabomba mawili ya akriliki, kipenyo cha ndani milimita 25, urefu mita 2. Moja nitaliendesha kwa mita 0.04 kwa sekunde, la pili 0.4. Maji ya mfereji hapa Nairobi yatafaa?

Mama Vali: Kasi umechagua vizuri. Kwa maji ya nyuzi 20, la kwanza lina namba ya Reynolds (inayoonyesha kama maji yanatiririka kwa utulivu au kwa msukosuko) ya 1,000, mtiririko tulivu. La pili 10,000, msukosuko. Ila usiripoti kasi peke yake, ripoti mkwaruzo wa maji ukutani: takriban paskali 0.013 dhidi ya 0.63. Kasi imepanda mara 10, mkwaruzo karibu mara 50! Vipande vya sampuli, yaani vibao vidogo vya kuoteshea utando utakaopima, viweke baada ya mita 1.25 kutoka mlangoni. Kabla ya hapo mtiririko tulivu haujafikia umbo lake la kudumu. Tena vilingane sawasawa na ukuta. Kikichomoza kidogo tu, maji huzunguka nyuma yake na uchafu hujikusanya hapo.

Fundi_SouthB: Bomba la kasi linakula karibu lita 12 kwa dakika, yaani lita 17,000 kwa siku. Na mgao huu wa maji? Zungusha kutoka tangi moja la lita 100, mabomba yote mawili yanywe humo, joto na virutubisho viwe sawa. Ingiza maji mapya lita 10 kwa saa, mengine yamwagike. Klorini iue kwanza kwa sodiamu thiosulfeti, kama miligramu 7 kwa kila miligramu 1 ya klorini. Usizidishe thiosulfeti, kuna bakteria wanaoila.

Mama Vali: Na pampu ikae chini ya tangi. Huku juu kanieneo ya hewa ni ndogo, mapovu hutoka upesi pampu ikivuta kwa shida, nayo hukwangua utando. Umeme ukirudi ghafla ni balaa hiyohiyo, kwa hiyo weka inveta. Funika mabomba, mwani usiote.

Kipoozeo: Asanteni sana. Nipime unene tu?

Fundi_SouthB: Unene utakudanganya. Maji ya polepole hulea utando mnene, laini, wenye manyoya. Ya kasi hulea mwembamba ulioshikamana. Pima na uzito mkavu, vipande vitatu kila bomba, siku ya 7, 14 na 21. Unene usome kipande kikiwa bado majini, maana kikitoka hewani manyoya hulala.