Land Cruiser HZJ79: ekseli ya nyuma imekaa upande baada ya kubadilisha springi

Habari wakuu. Nyuma zimefungwa springi mpya za majani, zimeinua gari sentimita 5. Sasa tairi la kushoto liko nyuma kuliko la kulia kwa milimita 12, na gari linatembea kiupande. Yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zimekazwa vizuri. Tatizo ni nini?

— Mkuu, anza na senta bolti, ile inayopita kwenye majani yote ya springi na kuyashika pamoja. Kwenye springi nyingi haiko katikati kabisa, hivyo moja ikifungwa kinyume, mbele ikawa nyuma, ekseli inahama upande huo tu. Pima kutoka senta bolti hadi katikati ya jicho la mbele (tundu la mwisho wa springi), kushoto na kulia. Vipimo visipolingana, fungua ugeuze. Vikilingana, basi kichwa cha bolti hakijaingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli, pale springi inapokalia. Yubolti itakubali kukaza hivyohivyo, lakini ukimulika tochi utaona mwanga mwembamba kati ya jani na kikalio.

— Ukifungua, usirudishe yubolti za zamani, zimeshavutika. Kaza mpya kwa kukingama, kidogo kidogo. Bushi za kwenye macho ya springi zikiwa za raba, bolti zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, la sivyo raba inakaa imesokotwa na kuchanika mapema. Kaza tena yubolti baada ya kilomita 100.

— Propela (shafti inayozungusha ekseli ya nyuma) ikitetemeka, rekebisha pembe ya pinioni, pale propela inapoingia kwenye ekseli, kwa kabari za chuma chini ya springi. Za alumini hupasuka. Kabari inapunguza kina cha kichwa cha senta bolti, kwa hiyo tafuta yenye kichwa kirefu.