Naomba ushauri: milio ya pikipiki baada ya kubadilisha ekzosi

Ndugu wanachama, kila siku ninaendesha pikipiki ya cc 150 yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kutoka Kasarani hadi Eneo la Viwanda, hapa Nairobi. Wiki mbili zilizopita niliondoa ekzosi ya awali, iliyokuwa imeliwa na kutu, nikafunga nyingine fupi iliyo wazi zaidi ndani. Tangu hapo, kila ninapoachilia mkono wa mafuta nikikaribia Pangani, ekzosi hupasuka-pasuka kama bisi kwenye sufuria. Ule mlio wa ti-ti-ti baada ya kuzima injini haunisumbui, kwa kuwa najua ni chuma kinachonywea kikipoa; wala ule wa vali asubuhi, ambao hupungua injini ikipata joto.

Fundi anasema kabureta inahitaji jeti (kitundu cha kupitishia petroli) kubwa zaidi, kwani hewa sasa imezidi petroli. Mimi, hata hivyo, nashuku gasketi, ile pete ya kuzuia moshi usivuje pale bomba linapoungana na injini, kwa sababu alirudisha ile kuukuu, na nimeona masizi yamezunguka nati moja. Je, nianze na gasketi, ambayo bei yake ni ndogo, au nimsikilize fundi? Na plagi ya kuwashia injini nikiikuta nyeupe kwenye ncha, je, hiyo ni dalili tosha kwamba petroli haitoshi? Majirani wameshaanza kunung'unika.