Tupeane uzoefu: ulifika dharura, maumivu yako yakatiliwa shaka

Ndugu wanachama, salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Mwaka jana mama yangu, mwenye miaka 58, aliamka alfajiri akiwa hoi, ana kichefuchefu, na maumivu yakimtambaa kutoka mgongoni hadi kwenye taya. Tulimkimbiza kwa bajaji katika hospitali ambayo sitaitaja, ambako daktari wa zamu alimwandikia dawa za vidonda vya tumbo na kutuambia kwamba mama ana mawazo. Mzee aliyeingia nyuma yetu akiwa ameshika kifua alipelekwa moja kwa moja kupimwa moyo. Mama alipimwa jioni, ikaonekana ni shambulio la moyo. Je, wenzangu yamewakuta? Walio ughaibuni watueleze na ya kutiliwa shaka kwa sababu ya rangi ya ngozi.

Muuguzi, Tanga: Pole sana, dada. Wanawake nao huumwa kifua, ila mara nyingi kuliko wanaume huongezeka pumzi kubana, kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo, na sisi tumezoea kumtazamia mwanamume aliyeshika kifua. Nakiri kwamba niliwahi kuandika "wasiwasi" kwenye faili la binti aliyekuwa akilia, kabla sijampima. Kumbe mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi. Alipona, lakini si kwa sifa yangu. Mwongozo unataka kipimo cha umeme wa moyo kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, awe mke au mume.

Mzaliwa wa Chumbageni, Atlanta: Nilivunjika mkono kazini nikakaa saa tatu bila dawa ya maumivu, ilhali mzungu tuliyefanya naye kazi, alipovunjika, alichomwa sindano kabla ya picha. Nilidhani ni bahati yangu tu, hadi niliposoma utafiti wa mwaka 2000 wa mji huuhuu: kati ya waliovunjika mifupa, weupe 74% walipewa dawa ya maumivu, weusi 57%. Hata kipimo cha oksijeni cha kidoleni, utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kuwa kwa weusi hukosa kugundua upungufu karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe, kwa kuwa mwanga wake husumbuliwa na rangi ya ngozi.

Muuguzi, Tanga: Kaka, hilo la kidoleni limeniondolea usingizi. Kifaa hicho ndicho tunachokiamini hapa kila zamu, na wagonjwa wetu karibu wote ni weusi. Nawakumbuka waliokuwa wakihema huku namba ikisoma 94, nasi tukawaambia wasubiri kwenye benchi.